Mistari, midomo na nyayo: majibu ya maswali yenu kuhusu mijusi islamu

Tangu tutangaze kwamba safu hii itashughulikia mijusi islamu, barua zimemiminika, na nusu yake zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: huyu niliyemwona ni yupi? Ieleweke tu tunayemzungumzia. Ni yule mjusi wa mchana, mwenye magamba laini yanayong'aa kama yaliyopakwa mafuta, shingo nene isiyojitenga sana na kichwa, na kope zinazofumba. Mjusi kafiri wa ukutani usiku, mwenye ngozi nyororo na vidole vya kunata, ni wa ukoo mwingine. Wataalamu huwaweka mijusi islamu katika familia ya Scincidae, yenye spishi zaidi ya 1,700 duniani.

Ukutani kwetu kuna mijusi wa aina mbili mchana. Mmoja mweusi-mweusi ana mistari miwili ya njano mgongoni, mwingine ni wa kahawia na midomo yake ina madoadoa. Mwanangu wa sekondari anasema ni dume na jike. Ni kweli?
*Mama, Chanika, Dar es Salaam*

Hapana, mama. Hao ni spishi mbili zinazogawana ukuta mmoja, jambo la kawaida kabisa ukanda wa pwani. Mwenye mistari ni *Trachylepis striata*. Mistari yake inaanzia juu ya jicho, mmoja kila upande wa mgongo, na kushuka hadi kwenye shina la mkia. Mwenzake ni *Trachylepis maculilabris*. Midomo yake ni myeupe au ya manjano iliyofifia, yenye vidoa vyeusi, na mara nyingi ubavu wake una wekundu wa kutu. Mkia wake ni mrefu na mwembamba zaidi, na hupenda kupanda: minazi, makuti, miti ya uani. Huyu anaweza kufika sentimita 30 kwa jumla, ilhali mwenye mistari huwa kati ya 18 na 25.

Msitegemee rangi peke yake. Mistari ya *striata* hufifia kwa wazee, na mjusi anayekaribia kujivua gamba huwa na ukungu mwili mzima. Kuweni na picha. Mpigeni saa mbili hadi saa nne asubuhi, akiwa anaota jua na bado mzito wa miguu. Mnahitaji picha ya ubavu iliyopigwa kwa usawa wa kichwa, si kutoka juu, na nyingine ya mgongo nyuma kidogo ya mabega. Ikuzeni hiyo ya pili mpaka gamba moja lionekane vizuri. Kila gamba la mgongoni lina matuta membamba yanayokwenda kwa urefu. *Striata* kwa kawaida ana 3, ingawa wakubwa wengine huwa na zaidi. *Maculilabris* mara nyingi ana 5 hadi 7.

Kuna wa tatu anayewachanganya watu zaidi ya hao wawili, *Trachylepis varia*. Naye ana mstari mweupe, lakini uko chini, ubavuni: unatoka mdomoni, unapita usawa wa sikio na bega, na kuelekea mguu wa nyuma. Mstari wa *striata* uko juu mgongoni. Ukishajua huo mstari unapita wapi, umemaliza robo tatu ya kazi. *Varia* pia ni mdogo, sentimita 13 hadi 16 hivi, hukaa zaidi chini kwenye mawe na majani makavu kuliko ukutani, na magamba ya nyayo zake yana vichongo, yaani vijincha vilivyochongoka, kitu ambacho nyayo za *striata* hazina.

Dume na jike wa *striata* ni vigumu kutofautisha kwa macho. Dume mzima huwa na kichwa kipana zaidi na shina la mkia lililonenepa, ila lazima uwe na wawili mbele yako ndipo uone tofauti.

Huku Voi, kwenye miamba, kuna mijusi wadogo wenye mkia wa buluu unaowaka. Wazee wanasema ule mkia ndio wenye sumu na kwamba mbwa akiula anakufa. Mnasemaje?
*Msomaji, Voi, Kaunti ya Taita Taveta*

Hakuna mjusi islamu hata mmoja mwenye sumu, si mdomoni wala mkiani. Mkubwa akikubana kidole utasikia kufinywa, basi. La kuzingatia ni usafi: kama reptilia wengine, wanaweza kubeba bakteria wa salmonela kwenye kinyesi na ngozini, kwa hiyo aliyemshika anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, hasa watoto.

Mliyemwona, kwa eneo lenu, karibu kwa hakika ni *Trachylepis margaritifera*, na hapa ndipo rangi inapodanganya kuliko mahali pengine popote. Mtoto ni mweusi mwenye mistari 5 ya dhahabu na mkia wa buluu. Jike hubaki na mistari hiyo hata akikua. Dume akikomaa huipoteza, mwili unakuwa wa kijani-kahawia wenye vidoa vyeupe mithili ya lulu, koo linakuwa jeusi, na mkia unageuka kahawia wa machungwa. Mtu asiyejua ataandika spishi mbili au hata tatu kwa familia moja inayoishi ufa mmoja. Kaskazini-magharibi mwa Kenya na Uganda yuko ndugu yake, *Trachylepis quinquetaeniata*. Hadi 1998 wawili hao walihesabiwa spishi moja, kwa hiyo msishangae kitabu cha zamani kikimtaja huyo wa pili hapo Voi.

Ile buluu ni chambo. Ndege au nyoka huvutwa na kinachong'aa, anashambulia mkia badala ya kichwa, na mkia unakatika. Haukatiki ovyo, kwani ndani ya mifupa ya mkia kuna sehemu zilizokwishapasuliwa tayari. Misuli ikibana, pingili inaachia hapo, na kipande kinaendelea kurukaruka huku mwenyewe akiingia kwenye ufa. Mkia mpya unaoota hauna pingili za mfupa, ndani yake ni fimbo moja ya gegedu, na magamba yake huwa na mpangilio tofauti. Ndiyo maana wanaowapima hupima kutoka ncha ya pua hadi tundu la haja, na mkia unaandikwa kando. Urefu wa jumla wa mjusi aliyekatika mkia hauna maana yoyote.

Mkia huo pia ni ghala la mafuta ya mwili. Watoto wanaowakimbiza mijusi kwa ajili ya kuona mkia ukicheza wanampokonya mnyama akiba yake ya kiangazi.

Nilikuwa navua kwa ndoano Mtwapa, maji yamekupwa, nikaona mjusi mdogo mweusi kwenye mwamba wa matumbawe. Nikamsogelea, akarukia kwenye dimbwi la maji ya chumvi! Mjusi gani huyo wa baharini?
*Mvuvi wa jioni, Mtwapa*

Huyo ni *Cryptoblepharus africanus*, na umebahatika kumtazama kwa karibu kwa sababu ana wasiwasi sana. Ni mwembamba, rangi ya shaba iliyoungua, urefu wa sentimita 12 hivi pamoja na mkia, na vidole virefu vya kushikilia mwamba mkali. Anaishi kwenye miamba ya ufukweni, pwani ya Kenya na Tanzania na visiwani. Maji yakipwa anashuka kuyafuata, anakula wadudu na vikaa vidogo, hata visamaki vilivyonaswa kwenye madimbwi. Maji yakijaa anapanda.

Mtazame macho ukimpata tena. Kope zake za chini zimeungana na za juu na kuwa kioo kimoja kisichofumba, kama jicho la nyoka. Hiyo inamtenga na jamaa wote wa *Trachylepis* waliotajwa juu, ambao hufumba na kufumbua. Anataga yai 1 au 2 tu kwa mara moja. Jamaa wa jenasi yake, yaani kundi la spishi ndugu zenye jina la kwanza moja, wameenea Bahari ya Hindi yote na kuvuka Pasifiki hadi visiwa vya Hawaii, na mnyama anayestahimili chumvi na kukaa kwenye nyufa za ufukweni si ajabu akisafirishwa na gogo linaloelea.

Nikichimba shamba la magimbi nimetoa kitu cheusi kinachong'aa, kama nyoka mfupi, hakina miguu. Mwalimu wa shule ya kijiji ameniambia ni mjusi. Mjusi bila miguu anakuwaje mjusi, na nitamjuaje kabla sijampiga jembe?
*Mkulima, milima ya Uluguru, Morogoro*

Mwalimu yuko sahihi kwamba wapo. Katika familia hii miguu imepotea mara nyingi, kila ukoo kwa wakati wake, na Afrika Mashariki mtaona karibu kila hatua. *Mochlus sundevallii*, wa kwenye mchanga na vichuguu, ana miguu 4 kamili lakini mifupi mno; akikimbia anajinyonganyonga kama nyoka na miguu inabaki pembeni bila kazi kubwa. *Eumecia anchietae* wa nyanda za juu amebaki na vijiguu kama uzi. Jenasi ya *Melanoseps*, ambayo Tanzania imejaliwa spishi zake kadhaa milimani na kusini, haina miguu kabisa. Taita na kaskazini-mashariki mwa Tanzania yuko *Acontias percivali*, asiye na miguu vilevile, na kuanzia Kakamega kuelekea Uganda na Kongo yuko *Feylinia currori*. Kwa Uluguru, *Melanoseps* ndiye wa kufikiriwa kwanza.

Sasa kumtambua. Vitabu vingi husema "mjusi ana kope na tundu la sikio, nyoka hana". Kwa hawa wa chini ya ardhi kanuni hiyo inavunjika: tundu la sikio limezibwa, na *Feylinia* hana kope hata kidogo, jicho limefunikwa na gamba. Kinachosaidia ni tumbo. Nyoka wengi wana safu moja ya magamba mapana yanayokwenda tumboni kwa upana wake wote, kama ngazi. Mjusi asiye na miguu ana magamba madogo, ya ukubwa ule ule tumboni na mgongoni. Tatizo ni nyoka kipofu, yule mfano wa nyungunyungu, ambaye naye magamba yake ni sawa pande zote. Huyo mtazame kichwani na mkiani: mdomo wake ni mdogo sana na uko chini ya pua, macho ni vidoa viwili tu, na mkia unaishia na kijimwiba. Ukikuta ngozi yenye unyevu, isiyo na magamba ya kuonekana na yenye pete-pete, hapo umetoka kwenye reptilia kabisa. Ni amfibia asiye na miguu, jamaa wa mbali wa chura, na Uluguru wapo.

Usimshike kwa ajili ya kuhakikisha. Tunasisitiza kwa sababu kwenye udongo huo huo anaishi nyoka wa jenasi ya *Atractaspis*, mweusi, laini, anayeng'aa, mfupi, kichwa kidogo. Ana sumu, na meno yake hutokeza pembeni mwa mdomo hata ukiwa umefungwa, kwa hiyo ile njia ya kumkamata nyuma ya kichwa haifanyi kazi: anajipinda na kuchoma kidole kilichomshika. Akiuma, usikate wala kufunga jeraha kwa kamba. Vua pete, tuliza mkono, nenda hospitali.

Ukitoa kitu cha namna hiyo, kichote pamoja na udongo kwa sepeto, kiweke kando penye majani makavu, piga picha kwa mbali ukitaka. Kikiwa mjusi kitajizika chenyewe ndani ya dakika chache. *Melanoseps* anakula wadudu na viumbe wengine wadogo wa udongoni. Gimbi lako halimhusu.

Ndani ya chungu cha maua nimekuta mayai meupe 6, marefu kidogo, laini. Mjusi wa mistari huwa anaota jua juu ya chungu hicho kila siku. Ni yake? Nifanyeje?
*Bibi mpenda maua, Mbweni, Unguja*

Shikamoo bibi. Kama ni yule wa mistari miwili, mayai si yake, kwa sababu *Trachylepis striata* hatagi. Anabeba mimba na kuzaa watoto hai, 3 hadi 9, ambao siku hiyo hiyo wanajitafutia chakula. Wala si ya mjusi kafiri, maana wao hutaga mayai 2, ya mviringo, yenye ganda gumu, na mara nyingi yamegandishwa ukutani au nyuma ya kabati.

Sita, marefu, ganda kama karatasi ya ngozi: yawezekana kabisa ni ya *maculilabris*, yule wa midomo yenye madoa, ambaye hutaga 6 hadi 8 na Unguja amejaa. Ila wapo nyoka wadogo ambao mayai yao hayatofautiani kwa macho, kwa hiyo usimwage udongo kwa mkono mtupu ukitafuta mengine.

Bora kuyaacha. Kama ni lazima uhamishe chungu, fanya hivi. Kwanza weka alama ya penseli juu ya kila yai kabla ya kuligusa, kisha liinue kwa kijiko bila kuligeuza. Yai la kuku hugeuzwa na mama yake. La mjusi likishakaa siku chache, kiinitete, yaani mtoto anayeanza kuumbika, kimeshajishika upande wa juu, na ukiligeuza unakizamisha. Yaweke, alama ikiwa juu, ndani ya kopo lenye udongo ule ule wenye unyevu wa kushikana ukikamua bila kutoa tone. Funika kwa kifuniko chenye vitundu, weka kivulini. Usinyunyizie maji juu ya mayai. Ganda hilo hunywa unyevu, na yai linavimba kadiri siku zinavyokwenda, hilo ni jema. Likibonyea maana yake udongo umekauka, likiota ukungu wa manyoya limeshakufa.

Je, kuna mjusi anayebeba mimba kama mbuzi, yaani mtoto akalishwa na mama tumboni? Rafiki yangu anabisha.
*Mwanafunzi, Lubumbashi*

Rafiki yako alipe soda. Mijusi islamu wengi wanaozaa hubaki na mayai yenye kiini kikubwa tumboni mpaka yaanguliwe, na chakula kingi cha mtoto kinatoka kwenye kiini hicho. Lakini *Trachylepis ivensii*, anayeishi Angola, Zambia na kusini mwa Kongo, yaani upande wenu, ametoka nje ya utaratibu huo. Yai lake ni dogo mno, mtoto hana akiba ya maana, na anajishikiza ndani ya ukuta wa mfuko wa uzazi na kulishwa kwa kondo karibu muda wote wa mimba. Kati ya reptilia wote wanaojulikana, ni wachache sana wanaomkaribia mnyonyeshaji kiasi hicho.

Kitabu cha maktaba yetu kinasema mijusi hawa ni *Mabuya*. Ninyi mnaandika *Trachylepis*. Nani amekosea?
*Msomaji, Dodoma*

Hakuna. Zamani *Mabuya* lilikuwa kapu la mijusi wa Afrika, Asia na Amerika. Kulinganisha vinasaba kulionyesha kwamba hawatoki ukoo mmoja, na mwaka 2002 wa Afrika wakaitwa *Euprepis*. Mwaka uliofuata ikabainika kwamba jina la *Trachylepis* ndilo lenye haki. Kwa hiyo *Mabuya striata*, *Euprepis striata* na *Trachylepis striata* ni mjusi yule yule wa kwenye dirisha lako. Badilisha jina la kwanza, la pili libaki.

Huku Omani nimeona mjusi akizama mchangani kama samaki majini. Ni ndugu wa hawa wa kwetu?
*Mzaliwa wa Pemba, Maskati*

Ni ndugu. Jenasi ni *Scincus*, ambayo familia nzima imechukua jina lake, na wa pande hizo ni *Scincus mitranus*. Pua yake ni kama ulimi wa jembe, taya la chini limeingia ndani ya la juu ili mchanga usipenye mdomoni, na vidole vina vichane pembeni. Mwaka 2009 watafiti wa chuo kikuu cha Georgia Tech, Marekani, walimpiga picha za eksirei ndugu yake, *Scincus scincus*, akiwa chini ya mchanga. Walikuta kwamba akishazama hapigi makasia kwa miguu. Anaibana ubavuni na kwenda kwa mawimbi ya mwili.

Nilitega gundi ya panya jikoni, nikanasa mjusi wa mistari badala ya panya. Bado anapumua. Nimtoeje bila kumuua?
*Msomaji, Kariobangi, Nairobi*

Usimvute. Mkia utakatika na ngozi ya tumbo itabaki kwenye gundi. Mwaga kwanza unga au jivu kwenye gundi iliyobaki wazi, asinase tena pale utakapokuwa umemwachisha. Dondosha mafuta ya kupikia kidogo kidogo pembezoni mwa mwili, subiri dakika chache yapenye, kisha mwachishe kwa kijiti kisicho na ncha au pamba ya masikio. Anza na kidevu apumue vizuri, halafu miguu, kidole kimoja kimoja, halafu tumbo. Mkia uwe wa mwisho. Mafuta ya taa na petroli ni marufuku: vinayeyusha gundi haraka, ni kweli, lakini vinaunguza ngozi na mvuke wake unamuua baadaye.

Akishatoka, mwoshe kwa maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, ukiepuka macho na pua, suuza, mkaushe kwa kitambaa. Wengi huishia kwenye mafuta na kumwachilia, kumbe vumbi linashika juu ya mafuta, na mjusi aliyepakwa tope hawezi kuota jua sawasawa. Mweke kwenye boksi lenye kitambaa, mahali pa joto penye kivuli, saa mbili tatu. Akianza kukwaruza kuta za boksi, mwachilie pale pale ulipomnasa, si shamba la mbali asilolijua.

Kuhusu panya, hamishia gundi ndani ya boksi lililofunikwa lenye tundu, uitege usiku tu na kuiondoa alfajiri. Mjusi islamu hulala usiku, panya ndiyo saa yake ya kazi.